Adabu ya Kethia

Vickery Meadow, Dallas
14 Septemba 2024

Wifi yangu Mado,

Usishtuke kuona bahasha. Hakuna aliyekufa. Kaka yako Polycarpe ni mzima, anapakia maboksi kule ghalani kama kawaida na anakoroma kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu mimi na simu tuliachana. Unakumbuka zile siku kabla hawajanipeleka hospitali, nilivyokuwa nawatumia watu sauti arobaini kwa siku, wewe, mchungaji, mpaka mwalimu wa Christian. Sasa nikishika simu nirekodi kitu, naiweka chini tena. Barua naielewa. Naandika, naiacha mezani, kesho yake nikitoka kukunja mashuka ya hoteli naisoma tena. Ikiwa bado ina akili nabandika stempu. Ikiwa haina naichana. Kwa hiyo hii unayoishika imepita mtihani.

Habari ni ya Christian. Shule wameniita mara ya tatu. Ana miaka minane na penseli bado anaishika kwa ngumi. Anaanguka pasipo na kitu cha kumwangusha. Maneno yanamtoka nusunusu, na akikosa neno anapiga. Mwalimu akaniuliza kama kuna historia ya ugonjwa wa akili katika familia. Nikamwambia, "Historia ndiyo mimi." Polycarpe aliniangalia kama nimevua nguo.

Basi wametupeleka mahali ambapo watu wa chuo kikuu wanafuatilia watoto ambao mzazi wao ana ugonjwa kama wangu. Kuna Mkenya pale, Wanjiku, anatutafsiria. Kiswahili chake cha Nairobi kinakimbia, naelewa nusu na nusu nakisia. Aliniambia nisilie, wengi wa watoto hao wanakua vizuri. Ila alisema jambo moja ambalo halinitoki. Watoto wa kiume, alisema, mara nyingi dalili zinaonekana mapema: mwendo, maneno, ugomvi. Wa kike mara nyingi wanawapima na hawaoni kitu. Nikamuuliza, hawaoni kwa sababu hakipo, au kwa sababu hawajui pa kutazama? Akasema, "Mama, hiyo ndiyo tunajaribu kujua."

Sasa nakuuliza wewe. Christian ninaye hapa, namwona. Lakini hawa ni mapasa, walitoka tumbo moja siku moja, na mwenzake yuko kwako. Nilipolazwa mwaka jana mwezi wa pili tulikupa Kethia kwa sababu hasumbui, tukasema ni miezi mitatu. Imekuwa mwaka na nusu na zaidi. Sikulaumu, wifi. Ulimpokea mtoto wangu nilipokuwa siwezi hata kunawa uso, na daktari ndiye aliyesema nianze kwanza na mtoto mmoja. Lakini simu ya Jumapili hainitoshi. Nikimuuliza hali anajibu, "I'm fine, Mama." Kila Jumapili hivyo hivyo. Niandikie mwanangu yukoje, na usinifiche.

Wifi yako,
Zoé


Alief, Houston
29 Septemba 2024

Mama Mapasa,

Bahasha yako ilikaa mlangoni siku mbili, nilidhani ni watu wa bima. Mara ya mwisho mimi kuandika barua ilikuwa kule kambi ya wakimbizi, Nyarugusu, na niliyemwandikia hatumtaji katika nyumba hii. Kwa hiyo vumilia mwandiko.

Kuhusu Christian, punguza hofu. Polycarpe alianza kuongea akiwa na miaka minne. Mama yetu alishakata tamaa, akasema Mungu amempa bubu. Leo si anafanya kazi, si ameoa, si amezaa mapasa? Huku Amerika mtoto wa kiume akiruka juu ya kochi mara mbili wanamtafutia jina la ugonjwa. Mpe chakula, mpe mpira, atanyooka.

Sasa kwa Kethia kaa chini ufurahi. Mtoto huyu haamshwi. Wakati natoka kwenda kwa wazee wangu ninaowatunza, yeye ameshatandika kitanda chake na cha Whitney. Mtu mzima akimsemesha anainamisha macho, anakutanisha mikono, anajibu polepole. Kanisani hakimbiikimbii na wenzake, anakaa na sisi wamama mpaka mwisho. Mama mmoja wa kwaya aliniambia, "Huyu Amerika haijamharibu, umemlea." Nilijisikia vizuri, sidanganyi. Tukienda kwenye bwawa la kuogelea la hapa kwenye majengo yetu, watoto wote wanarukia maji wanapiga makelele, yeye ameketi anawashikia taulo. Haombi chakula, anakula alichopewa. Mwalimu wake amemsifu kwenye ripoti mpaka nikaibandika kwenye friji.

Nimemnyoa nywele. Joto la Houston unalijua. Kichwa chake kidogo kinapendeza.

Nikimtazama yeye na nikimtazama Whitney wangu, miaka kumi na mitatu, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, natamani ningemzaa huyu wako. Ugonjwa wako haukumgusa huyu, wifi. Weka moyo chini na unywe dawa zako.

Tunakusalimu sote, hata Whitney, ingawa yeye amesalimu bila kuinua kichwa kwenye simu.

Mado


Dallas
17 Oktoba 2024

Wifi Mado,

Hii imelala mezani siku tano, na nimeisoma kila siku. Mara mbili nilitaka kuichana. Naituma kwa sababu siku zote tano imesema kitu kile kile.

Barua yako ilipaswa kunifurahisha na imeniogopesha. Huyo mtoto uliyemwandika namjua. Ni mimi.

Nilikuwa na umri wake, Nyarugusu. Mama za majirani walikuwa wanawaambia watoto wao, mtazameni Zoé. Nilikaa na wamama kanisani. Niliinamisha macho, nilikutanisha mikono, nilijibu polepole. Na unajua kwa nini niliinamisha macho? Niliamini kwamba nikimtazama mtu machoni atasikia yaliyo kichwani mwangu. Na yalikuwa nini hayo, mtoto wa miaka minane? Kuiba sukari. Kumchukia dada yangu siku moja moja. Lakini niliona aibu ya kufa, nikawa natazama vidole vya miguu vya watu. Waliita adabu. Nikapigiwa makofi kwa adabu hiyo miaka na miaka, mpaka siku mliyoniokota kwenye maegesho ya duka nikiwa nimelala chini kati ya magari.

Kaka zangu walikuwa watundu, wakachapwa, na leo ni wazima. Mimi sikuchapwa hata siku moja.

Sisemi Kethia ana kitu. Nakuomba jambo dogo. Muulize kwa nini anatazama chini. Usimuulize kama hakimu. Muulize mkiwa na kazi mkononi, mnachambua mboga, mnakunja nguo. Halafu uniandikie alichosema, neno kwa neno, hata kama ni upuuzi. Na kama hutaki kumuuliza, basi nirudishie mtoto wangu nimuulize mwenyewe.

Zoé


Alief, Houston
23 Oktoba 2024
Kwa Polycarpe peke yake

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu yeye yuko karibu nawe. Mke wako anakunywa dawa? Unamwona kwa macho yako akimeza, au unaambiwa tu?

Ameniandikia barua imenitia baridi. Anasema mtoto mwenye adabu ni mgonjwa. Anasema Kethia ni yeye. Polycarpe, hivi ndivyo alivyoanza mara ile. Kila kitu kilikuwa na maana, mpaka namba za mabasi. Nampenda, ni mama wa watoto wetu, ila moto ule sitaki kuuona tena, na sitamtia mtoto aliyetulia ndani yake. Anataka nimrudishe. Mpaka unihakikishie hali yake, hapana, Kethia anabaki hapa.

Usimwonyeshe barua hii.

Dada yako,
Mado


Dallas
28 Oktoba 2024

Dada Mado,

Shikamoo.

Dawa anakunywa. Nipo anapomeza. Analala, anapika, anakwenda kazini, hajakosa siku.

Barua yako nimempa aisome. Mwaka ule nilimficha mambo na ikawa mbaya zaidi, nikaapa sitarudia. Aliisoma amesimama. Aliniuliza, "Na wewe waonaje?" Nikasema sijui. Ni kweli, dada, sijui. Akiogopa sijui kama ni uoga wa mama au ni ule ugonjwa. Nadhani hata yeye hajui, na ndiyo maana barua zake anazilaza mezani. Kuishi hivyo ni kazi, kila ukiogopa kitu uanze kwa kujishuku mwenyewe.

Mimi ni baba na sijui kitu. Lakini alikuomba umuulize mtoto swali moja. Umemuuliza?

Polycarpe


Dallas
9 Novemba 2024

Wifi Mado,

Barua yako kwa Polycarpe nimeisoma. Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo. Nimeipeleka kwa daktari wangu, akanikagua, dawa hajazibadilisha. Tuyaache hayo. Kethia sitakuomba tena umuulize chochote.

Leo nina jambo la ukoo, na kwa mambo ya ukoo wewe ndiye mkubwa wangu.

Tarehe 30 Oktoba wale watu wa chuo kikuu walimpima Christian kwa saa tatu nzima. Walimtaka aruke kwa mguu mmoja, walimpa shanga atunge, walimwonyesha picha za nyuso aseme nani amekasirika, nani ana huzuni, nani anafurahi. Yeye akasema wote wamekasirika. Watampa mwalimu wa kumfundisha kusema na mwingine wa mikono. Alitoka na juisi na stika kifuani, anaimba.

Sasa, nani alinifundisha mimi kulea mapasa? Walipozaliwa kambini ulikuja na vitenge viwili vya rangi moja. Ukaniambia, anachopewa mmoja apewe na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa ataona hapendwi na ataugua. Christian alipopata homa ulimpa kijiko cha dawa, na Kethia aliyekuwa mzima ukampa kijiko cha maji ya sukari asijione ameachwa. Mimi nilicheka, ukanigombeza mbele ya wageni. Tangu siku hiyo nafuata. Nikimnunulia Christian viatu nanunua jozi mbili, ya Kethia naiweka kabatini. Zipo jozi tatu humo ambazo zimeshakuwa ndogo na hajazivaa.

Christian ameonwa na daktari. Kethia hajaonwa. Sisemi ni mgonjwa. Nasema ni mapasa.

Wanjiku amempatia nafasi hukohuko Houston, kwa wenzao wanaofanya kazi ile ile: Jumanne tarehe 3 Desemba, saa nne asubuhi. Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Kama unaona haifai, niandikie tu kwamba mila uliyonifundisha imekwisha, nami nitanyamaza.

Zoé


Alief, Houston
7 Desemba 2024

Mama Mapasa,

Umenishika pabaya na unajua. Nilisoma barua yako mara tatu natafuta pa kupenyea, sikupaona. Ningekuandikia nini, kwamba mila tuliiacha Nyarugusu? Nikaomba ruhusa kazini, nikamvalisha gauni la kanisani, tukaenda.

Mwanzo nilijivuna. Aliruka kwa mguu mmoja mpaka wakamwambia basi, inatosha. Shanga alizitunga upesi. Zile nyuso alizijua zote, hata mbili ambazo mimi nilikosea kimoyomoyo. Nikawa nishaanza kukuandikia barua kichwani, barua ya kukucheka.

Kisha mama aliyekuwa anampima akamwambia, sasa cheza, chochote unachotaka, chumba chote ni chako. Kulikuwa na midoli, rangi, ngoma ndogo. Kethia akasimama katikati ya chumba. Hakugusa kitu. Dakika kumi, wifi, mikono ameikutanisha, anatazama viatu vyangu, anangoja nimwambie kipi ni sawa. Yule mama akaigonga ngoma kidogo kumkaribisha. Kethia akairukia akaishika kwa mikono miwili iache kulia. Akasema, "Please don't. My mom will get sick."

Yule mama akamuuliza kwa upole mama yake yuko wapi. Akasema Dallas. Akamuuliza, atasikiaje kutoka Dallas? Mtoto akasema hajui, lakini ndivyo ilivyo. Kelele zikiwepo mama anaugua, zisipokuwepo anapona. Alieleza bila kulia, kama anavyoeleza hesabu za shule. Na ile simu ya Jumapili, kumbe anasikiliza sauti yako ajue kama wiki ile alifanya vizuri.

Hapa niliacha kalamu, nikaosha vyombo, nimerudi. Nakuambia lililobaki.

Aliyemfundisha ni mimi. Siku ile nilipomchukua alilia kutoka mlangoni kwenu mpaka tunapita Huntsville, zaidi ya nusu ya safari. Nilikuwa nimefanya kazi siku mbili mfululizo, malori huku na huku, kichwa kinanigonga. Nikamgeukia nikamwambia, "Nyamaza! Kelele zenu ndizo zilizomfanya mama yenu augue." Akanyamaza papo hapo. Nikamshukuru Mungu, nikaendesha. Ameendelea kunyamaza tangu siku hiyo, na mimi nikaona amelelewa. Kila nilipomwambia, "Mama yako anaendelea vizuri," kumbe nilikuwa namwambia naye aendelee kunyamaza.

Na nywele. Nilikuambia ni joto. Si joto. Alikuwa anajing'oa, mmoja mmoja, nyuma ya sikio, mpaka pakawa peupe. Whitney aliniambia tangu mwezi wa sita. Nikamgombeza kwamba anatafuta sababu ya kutomsuka mwenzake. Halafu nikamnyoa ili nisipaone.

Wanasema ni hofu, imeingia ndani sana, ila inatibika, na wanataka kumwona kila wiki. Niliwauliza kama ni ule ugonjwa wako. Wakasema hapana, kwa sasa, na ya kesho hawawezi kuahidi kwa mtoto yeyote. Kwa hiyo yale yako ya kusomwa mawazo siyo. Lakini uliniambia nitazame, na mimi badala ya kutazama nikamwandikia kaka yangu kwamba umeanza kuumwa. Nisamehe, Zoé. Neno lingine sina.

Wanjiku ameshaongea na hao wa huku, mtoto ataendelea kutibiwa hapo Dallas. Shule zikifungwa nitamleta mwenyewe. Kama hunitaki mlangoni, nitamkabidhi kwa Polycarpe kwenye gari.

Mado


Dallas
8 Februari 2025

Wifi Mado,

Ulipomleta sikukupikia. Ulikunywa maji ukaondoka, na sote wawili tulijua kwa nini. Hasira ilinikaa mwezi mzima. Imepungua, haijaisha. Lakini sitaki habari za Kethia uzipate kwa watu.

Kwanza langu. Kila Jumapili kabla ya kukata simu nilikuwa namwambia, "Uwe mtoto mzuri kwa shangazi." Kila Jumapili. Wewe ulisema mara moja ukiwa umechoka, mimi nilirudia karibu miaka miwili nikiwa na akili zangu. Kwa hiyo mzigo huu siwezi kukubebesha peke yako, ingawa nilijaribu.

Wiki tatu za kwanza aliosha vyombo ambavyo havijaliwa. Christian akicheka anamziba mdomo kwa mkono, na Christian, unamjua, akamuuma. Wanjiku aliniambia nimweleze ukweli kwa maneno mepesi. Nikamweleza kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla yake, mama alikuwa nao tangu mdogo, hauletwi na kelele. Akasema, "Okay, Mama." Hakuamini hata neno moja. Nilimwona.

Jumamosi iliyopita walikuwa wanakula ugali na samaki. Christian akanyoosha mkono akachukua kipande kwenye sahani ya mwenzake. Kethia akapiga ukelele. Sijawahi kusikia ukelele kama ule kwa mtoto, jirani wa juu akagonga sakafu. Akasukuma sahani, ikaanguka, ikapasuka. Christian akabaki mdomo wazi na samaki ndani.

Halafu Kethia akanigeukia. Alikuwa anangoja niugue. Nimeonwa na madaktari wengi, kambini na hapa, hakuna aliyewahi kunichunguza kama mtoto yule. Nikilia ataona ni ugonjwa. Nikigomba ataona ni ugonjwa. Nikicheka ndiyo kabisa. Na ukweli, wifi, kelele inanisumbua, dawa au bila dawa, kichwa kilikuwa kinavuma. Nikachukua ufagio nikazoa vipande. Nikamuuliza Christian atamrudishiaje mwenzake samaki. Nikabandika maji ya chai.

Sasa nakuambia ninachoogopa, kwa sababu nyumba hii imeshiba mambo ya kufichwa. Daktari hakunidanganya. Naweza kuugua tena, mwaka huu au baada ya miaka kumi, hata nikimeza kila kidonge. Siku hiyo ikija Kethia atakumbuka ukelele wa Jumamosi, na yote tunayomwambia leo yatakuwa uongo kwake. Mimi siku hiyo huenda sitakuwa na akili ya kumwambia. Kwa hiyo mwambie wewe. Uendeshe gari uje, umkalishe chini, umwambie si yeye. Wewe uliyemwambia la kwanza, uje umwambie na hilo, na kesho yake tena, mpaka achoke kukusikia. Nikiwa na uhakika utakuja, hasira yangu nitaimaliza. Niahidi kwa maandishi.

Chai ilipoiva alinifuata jikoni. Akaniuliza, "Mama, are you okay?" Nikamwambia niko salama. Akapanda kwenye kiti, akanitazama nikinywa, mpaka kikombe kikaisha. Akauliza tena. Nikamwambia bado niko salama. Akafikiri kidogo, akashuka kwenye kiti, akaenda sebuleni, nami nikamsikia akimfokea Christian kwa nguvu zake zote: "That was MY fish!"

Zoé